Kizuri hakijiuzi: Nilivyouza pikapu ya guka pamoja na kasoro zake

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa heshima zote, wahenga hao hawakuwahi kuuza pikapu ya Peugeot 504 jijini Nairobi. Mimi nimeuza. Ilikuwa nzuri, na sisemi hivyo kwa sababu ilikuwa yangu. Makanga walikuwa wakinipigia mluzi kwenye foleni. Watoto wa shule waliomba kupigwa picha nayo. Askari wa trafiki alinisimamisha, nikaanza kutetemeka, kumbe alitaka tu kuniambia kwamba babake alikuwa na moja kama hiyo. Na bado ilikaa sokoni miezi minne bila mnunuzi.

Niseme mapema ninachotaka kusema. Ukitengeneza kitu cha zamani kwa nia ya kukiuza, andika bei, orodhesha kasoro zake, kisha umlipe fundi wako. Hapo kwa kasoro ndipo tunaponyamaza. Sisi vijana tunaouza vitu mtandaoni tumejifunza kuuza mng'aro, halafu tunashangaa kwa nini hakuna anayetuamini hata tukiwa na kitu safi.

Kwa mliozaliwa juzi, acha niwaeleze hii ni gari gani. Peugeot 504 ilitoka Ufaransa mwaka wa 1968, na mwaka uliofuata ikatajwa kuwa Gari Bora la Mwaka barani Ulaya. Hapa kwetu iliunganishwa Mombasa kwa miaka mingi, ikaendelea kutoka huko muda mrefu baada ya Wafaransa wenyewe kuacha kuiunda. Ilishinda Safari Rally mwaka wa 1975, na ndugu yake mwenye injini ya V6 akashinda tena mwaka wa 1978. Kabla yake, 404 ilikuwa imeshinda mashindano hayo hayo mara nne katika miaka ya sitini. Pikapu za 404 zilifungwa mabenchi nyuma zikawa matatu. Zile 504 ndefu zilibeba abiria kwenda Nakuru na Kisumu kwa mwendo ambao wazee wakiusimulia wanashika meza. Mashambani, pikapu ya 504 ilikuwa ng'ombe wa pili wa boma. Ilibeba tani moja ya viazi kwenye matope na kurudi nyumbani.

Ya guka ilikuwa hivyo, huko Kinangop. Aliinunua ikiwa imeshatumika. Muuzaji alimwambia gia ziko sawa kabisa. Wiki ya pili, gia ya tatu ikaanza kuruka, na pesa za viazi vya msimu mzima zikaishia gereji. Hadithi hiyo niliisikia tangu nikiwa mdogo, maana guka aliisimulia kila mara alipoona mtu akisifia mali yake kupita kiasi.

Alipofariki, pikapu ilibaki chini ya mkaratusi miaka saba. Kuku walikuwa wakitagia kwenye siti. Siku nilipomuuliza shosho kama naweza kuichukua, alinitazama kwa muda, akasema, "Ukiweza kuitoa hapo, ichukue. Lakini usiniletee deni hapa."

Ilikuwa bahati kwamba mambo ya urithi yalikuwa yameshapitia mahakamani kwa sababu ya shamba, na pikapu ilikuwa imeandikwa kwenye orodha ya mali. Naomba msirukie sehemu hii. Sheria ya Urithi hairuhusu mtu kuuza wala kuchezea mali ya marehemu bila idhini, hata kama wewe ndiye mjukuu uliyependwa zaidi. Najua vijana waliotengeneza gari la babu yao, wakamaliza, ndipo ami akatokea na wakili. Sisi tulikaa chini kama familia, ami na shangazi wakakubali, na logibuku ikahamishwa kwa jina langu kabla spana haijagusa bolti.

Wakati huo nilikuwa nimetoka chuoni mwaka wa pili, diploma ya biashara. Karo ilikuwa imekwama, na nisiwadanganye, hata moyo ulikuwa umekwama. Sisemi mtu aache chuo. Nasema tu nilikuwa na muda mwingi, aibu kidogo, na simu yenye kamera nzuri.

Tuliivuta pikapu hadi Kariobangi Light Industries, kwa fundi mmoja ambaye marehemu guka alikuwa akimpelekea kazi zamani. Mzee wa miaka sitini hivi, mikono kama mizizi. Tulikubaliana hivi: nitanunua spea na vifaa vyote, nitampa pesa ya chakula kila siku anayofanya kazi, halafu siku gari litakapouzwa atapata Sh150,000. Hatukuandika popote. Tulipeana mikono, akasema, "Kijana, mimi nilimjua guka yako," na mkataba ukawa umekwisha.

Kazi ilichukua miezi kumi na minne. Kutu ndio ilikuwa adui. Sakafu ya kebini ilikuwa imeliwa hadi unaona lami. Chini upande wa kushoto nyuma, chesisi yenyewe ilikuwa imeoza kipande cha kama futi moja na nusu. Fundi alikikata, akapima mara tatu, akachomelea chuma kipya na kukifunika kwa bamba lingine kwa nje. Injini ya petroli ilikuwa imegandamana kabisa, kwa hivyo tuliweka injini ya dizeli ya Toyota aina ya 2L pamoja na gia zake. Maana yake ni kwamba ile gia ya kando ya usukani, iliyofanya Peugeot iwe Peugeot, ilitoka. Ikaja gia ya sakafuni.

Kisha nikaanza mambo yangu. Rangi ya kijani isiyong'aa, rimu nyeusi, siti zilizoshonwa kwa ngozi ya rangi ya kahawia, redio ya Bluetooth, na mbao za msonobari zilizopigwa vanishi kwenye kariji nzima. Fundi aliziona hizo mbao akauliza, "Sasa viazi vitakaa wapi?" Nikacheka. Ningejua, ningesikiliza.

Hesabu ndiyo hii, nimeitoa kwenye daftari. Injini na gia Sh140,000. Bodi, kuchomelea na rangi Sh185,000. Breki, springi na shoki Sh78,000. Tairi na rimu Sh72,000. Siti, redio na mbao Sh64,000. Nyaya na taa Sh31,000. Kuvuta gari, ukaguzi, karatasi na bima Sh42,000. Jumla Sh612,000. Ukiongeza za fundi, Sh762,000. Pesa zenyewe zilitoka kwa kazi za kupiga picha harusi, chama, na mkopo wa simu ambao sitaki kuuzungumzia.

Nikatangaza kuuza kwa Sh1.2 milioni. Niliipataje hiyo bei? Nilichukua gharama, nikaongeza usiku niliokosa usingizi, nikaongeza guka. Kosa la kwanza. Mnunuzi hanunui usingizi wako. Guka wako hamjui. Anatazama gari lililo mbele yake na kujiuliza litamfanyia nini na litamgharimu kiasi gani baadaye.

Kosa la pili nililifanya kama wenzangu wote: sikuandika bei. Niliweka picha kumi kali za jioni na maneno "bei njoo inbox". Walikuja kweli, mamia. Asilimia kubwa walitaka kujua bei ili wakacheke na marafiki. Mmoja alinipa Sh250,000 akaongeza kwamba ananisaidia tu. Tuache huu mchezo jamani. Ukificha bei, mwenye pesa na kazi za kufanya anapita, unabaki na wenye muda.

Walionijia kwa dhati walikuwa wa aina mbili. Wa kwanza ni wapenzi wa magari ya zamani, wale unaowaona kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse. Hao walitaka kila kitu kiwe kama kilivyotoka kiwandani. Mmoja aliingia kebini, akapeleka mkono kando ya usukani kutafuta gia, akakosa, akashuka. "Umeiharibu," akasema kwa upole, kama daktari. Wa pili ni watu wa kazi, wakulima na wafanyabiashara. Hao waliipenda injini ya dizeli, lakini wakatazama mbao zangu za vanishi wakatikisa kichwa. Nilikuwa nimetengeneza gari ambalo ni la zamani mno kwa mmoja, maridadi mno kwa mwingine. Ukibadilisha kitu kulingana na ladha yako, mara nyingi unapunguza watu wanaoweza kukinunua. Hakuna ubaya, bora ujue kwamba hiyo pesa umejinunulia raha. Usimdai mnunuzi akurudishie.

Mwezi wa tatu akaja dalali. Nguo safi, simu mbili, maneno mengi. Alizunguka pikapu mara moja akasema ana mtu wa Sh900,000, pesa taslimu, mradi nisimharibie. "Nisikuharibie namna gani?" Akanieleza. Nisiseme lolote kuhusu chesisi. Na kuhusu injini, logibuku inaonyesha injini ya zamani, basi inyamazie, mwenyewe atajua mbele ya safari.

Kuhusu injini alikuwa amechelewa. Ukibadilisha injini au rangi, sheria inataka NTSA waarifiwe, gari likaguliwe, na rekodi zibadilishwe. Nilikuwa nimeshafanya hivyo, na sehemu ya zile Sh42,000 ilienda huko. Lakini chesisi haikuwa imeandikwa popote. Ilikuwa imepakwa rangi nyeusi, haionekani mpaka ulale chini ya gari na tochi.

Mnunuzi alikuja Jumamosi. Mtu mpole, wa umri wa babangu, na kijana wake. Waliliendesha hadi Outering Road na kurudi wakitabasamu. Akaweka mkono juu ya boneti akaniuliza, "Na chesisi, iko sawa?"

Dalali alinitazama. Fundi alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, naye akanitazama. Najua kila mtu anayesoma hapa anafikiri angejibu vipi. Mimi nilikaa kimya kwa muda mrefu kuliko ninavyojivunia. Ningeweza kusema "iko sawa" na isiwe uongo hasa, kwa sababu kazi ya fundi ilikuwa imara. Lakini hakuuliza kama fundi wangu ni hodari. Alitaka kujua kama kuna kitu asichokiona. Nikamwambia, "Imekatwa nyuma kushoto na kuchomelewa. Njoo nikuonyeshe." Alilala chini, akaangalia, akashukuru sana, akaondoka. Hakurudi.

Dalali alinitukana matusi ambayo gazeti haliwezi kuyachapisha. Hayo hayakuniuma. Kilichoniuma ni fundi. Alinyamaza hadi jioni, akafunga kisanduku chake cha spana, akasema, "Ukweli ni mzuri, kijana. Lakini umeusema kwa kodi ya nyumba yangu."

Hapo ndipo hii stori inapoacha kuwa rahisi, na ndiyo sababu naiandika. Ni rahisi kuhubiri uaminifu ukiwa unajilipia mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeufanya uaminifu wangu kwa pesa za mtu mwingine, mzee aliyefanya kazi miezi kumi na minne kwa pesa ya chapati na maharagwe. Nilirudi nyumbani nikaona makosa hayakuwa kwenye jibu nililotoa Jumamosi. Yalianza siku niliyotangaza gari bila kutaja ile chesisi. Kama ningeiandika toka mwanzo, yule mzee mpole asingekuja bure, dalali asingekuwa na cha kuficha, na mtu anayejua maana ya kuchomelea angeshafika zamani.

Nikafuta tangazo, nikaandika upya. Bei: Sh850,000, maongezi yapo kidogo. Juu kabisa, kabla ya sifa yoyote, nikaandika kichwa: "Kasoro." Chesisi imekatwa na kuchomelewa nyuma kushoto. Injini na gia si za Peugeot. Mlango wa abiria unahitaji kufungwa kwa nguvu. Hita haifanyi kazi. Mbao za kariji zitakwaruzika ukibeba mizigo. Kisha nikaweka picha. Na hapa kamera ya simu ikanilipa. Kwa miezi yote ile nilikuwa nikipiga picha za kazi ili kujigamba mtandaoni: kutu ikiwa wazi, chuma kikikatwa, kipande kipya, bamba, rangi ya kuzuia kutu. Bila kujua nilikuwa nikiandika faili ya hospitali ya mgonjwa. Nikaongeza risiti.

Jumbe zilipungua sana. Badala ya mia, kumi na moja. Lakini zile kumi na moja zilikuwa za watu.

Wiki ya tano akaja mama mmoja anayeuza miche na maua kando ya barabara ya Kiambu. Alikuwa anatafuta pikapu ya kupelekea wateja wake miti, na alitaka ionekane, watu wakiiona wakumbuke biashara yake. Alikuja na fundi wake. Huyo fundi alikuwa na sumaku ndogo mfukoni. Akaipitisha kwenye bodi yote, kwa sababu sumaku hushika chuma lakini haishiki pati, ule udongo wa kiwandani ambao mafundi wengine huujaza kwenye matundu ya kutu halafu wanapaka rangi juu. Ilishika kila mahali. Akalala chini na tochi, akakaa huko dakika kumi. Alipotoka hakuniuliza mimi. Alimuuliza fundi wangu, "Mzee, hii ni kazi yako?" Wakaanza kuongea lugha yao, ya unene wa bamba na aina ya vijiti vya kuchomelea. Mama na mimi tukaenda kunywa chai.

"Mbao nitaweka turubai juu," akaniambia. "Na huo mlango utanipunguzia ngapi?"

Tulikubaliana Sh780,000. Pesa ziliingia benki, nikaanzisha uhamisho wa umiliki kwenye eCitizen, naye akaukubali kwa simu yake tukiwa tumekaa hapo hapo. Nilimtumia fundi Sh150,000 kabla sijanyanyuka kwenye kiti. Alitazama simu yake, akaitazama tena, akasema tu, "Imeingia."

Fanyeni hesabu. Sh780,000 ukitoa Sh762,000, inabaki Sh18,000. Kwa miezi kumi na minne ya kazi na mingine ya kutafuta mnunuzi. Muuza mayai na smokie hapo nje ya stage ananishinda mbali. Kwa hivyo anayewaambia kwamba kutengeneza magari ya zamani ni njia ya mkato ya utajiri, muulizeni daftari lake liko wapi. Na ningekubali ya dalali, hata baada ya kumtoa kamisheni yake, ningekuwa na zaidi ya hizo. Ukweli haukuniletea bei kubwa. Naomba tusidanganyane hata kwa hilo.

Ulichoniletea ni hiki. Wiki mbili baadaye, yule fundi wa sumaku alimpelekea fundi wangu Land Rover ya mteja wake, chesisi imeoza. Akasema amemwona mtu anayejua kuchomelea na asiyeficha alichochomelea. Kile kipande kilichotukosesha Sh900,000 ndicho kilichomletea mzee kazi, na mara hii alilipwa nusu mbele. Mimi kazi yangu ni kupiga picha kila hatua na kuandika daftari, na nalipwa kwa hiyo. Si nyingi. Lakini ni kazi, na ina mteja wa pili anayesubiri.

Nchi hii hairuhusu mitumba iliyozidi miaka minane kuingizwa. Hiyo ina maana kwamba hizi Peugeot, Datsun na Land Rover za wazee wetu zilizolala chini ya miti ndizo tulizo nazo, haziongezeki. Mafundi wanaozijua nao wanazeeka. Kuna kazi hapo kwa kijana mwenye subira, aliye na diploma au asiye nayo. Lakini soko likijaa mng'aro juu ya kutu, mnunuzi atamhesabia kila muuzaji kuwa mwongo, na kazi halali ya fundi halali itauzwa kwa bei ya chuma chakavu.

Kwa hivyo ukiwa na gari, pikipiki, kochi, hata simu unayotaka kuuza wikendi hii, anza tangazo lako na kile ambacho ungetamani mnunuzi asikione. Piga picha yake kwa mwanga wa mchana. Andika bei. Na kama kuna fundi anayekungoja ulipwe ili naye alipwe, kaeni chini leo muandike makubaliano yenu, kabla mnunuzi hajafika na kuweka mkono juu ya boneti.

Nilimpigia shosho kumwambia imeuzwa. Hakuuliza bei. Aliuliza kama nina deni. Nikamwambia limebaki kidogo la simu. Akanyamaza, kisha akauliza, "Na huyo mama, ulimwambia kuhusu mlango?"